V-Strom ya Raskazone au Ténéré ya namba za Kenya?

Swali

"Shikamoo fundi. Mimi ni bwana mifugo, naishi Mikanjuni hapa Tanga. Nimeendesha Boxer 150 kwa miaka minane, kazini na nyumbani. Sasa nataka pikipiki kubwa ya safari: Lushoto kwa wakwe, Pangani, Amani, na Mungu akijaalia mwakani nifike Arusha na mke wangu. Nimeziona mbili. Moja ni Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2008, imetembea kilomita 61,000, ina namba za MC za hapa Tanzania, ipo Raskazone, mwenyewe anataka milioni 11 na nusu. Nyingine ni Yamaha Ténéré 660, ya kupendeza kweli, ina namba za Kenya, ipo kwa jamaa upande wa Horohoro, ananiachia kwa milioni 7. Nina milioni 14 tu. Nilipanga pia kufunga masanduku matatu ya chuma, ngao na taa za ziada. Nichukue ipi, na nianze kufunga nini?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela. Wengi huniletea swali kama hili pikipiki ikiwa imeshalala nje ya gereji, na hapo ushauri huwa umechelewa.

Nianze na ile ya Horohoro. Iache. Ténéré yenyewe naipenda sana: silinda moja ya cc 660, tangi la lita 23, rimu ya mbele ya inchi 21 inayopanda mawe bila kulalamika. Kilichonitisha ni namba zake. Chombo cha Kenya kinaingia kwetu kwa kibali cha muda cha forodha, kwa jina la aliyekileta, na kwa sharti kwamba kitarudi kilikotoka. Ushuru wake huku haujalipwa. Ukimpa yule jamaa milioni 7, unapokea chombo ambacho huwezi kukiandikisha kwa jina lako, na siku utakaposimamishwa Segera, atakayeulizwa ni wewe uliyekaa kwenye siti. Kukihalalisha kunawezekana, ila lazima kifutiwe usajili Kenya, kithaminiwe na forodha, kilipiwe kila kitu kama kitu kinachoingia nchini leo. Ukimaliza hapo, ile nafuu ya bei haipo tena.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu ukanda wetu huu wa mpakani unajaa biashara hiyo. Hali ni ileile kwa pikipiki za wageni wanaoteremka kutoka Cairo kwenda Cape Town, wakachoka au wakaishiwa hela njiani. Wengi wao huingia na kitabu cha forodha kiitwacho carnet, ambacho kinamfunga mwenye pikipiki kuitoa nchini. Akikuuzia mkononi, yeye anabaki na dhamana inayodaiwa kwao, wewe unabaki na pikipiki isiyo na kadi. Ukikutana na BMW F800GS ya bei ya kutupa namna hiyo, kwanza uliza iliingiaje.

Tuje Raskazone. Namba za MC ni habari njema, lakini bado ni nusu ya habari. Omba kuona kadi yenyewe, si picha kwenye simu. Halafu chukua kitambaa chenye petroli kidogo, pangusa shingo ya fremu pale chini ya usukani, usome namba ya chesisi herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini. Namba iliyogongwa kiwandani ina kina kimoja na imekaa kwenye mstari. Ukiona chuma kimekwanguliwa, au kuna rangi mpya mahali hapo tu na kwingine rangi imechoka, shika njia urudi nyumbani. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Dalali akikwambia mwenyewe yupo Mwanza, mwambie utamsubiri arudi. Angalia kwa namba ya usajili kama kuna faini za barabarani zisizolipwa, kwa sababu deni hufuata pikipiki. Mkataba wa mauziano uandikwe na wote wawili muwe na TIN (namba ya mlipakodi), na malipo makubwa yapitie benki siku mnapopeleka karatasi TRA kubadilisha umiliki. Na bima: ile ndogo inamlipa uliyemgonga tu. Kwa chombo cha thamani hii, ulizia kubwa.

Sasa pikipiki yenyewe. Kwa safari ulizozitaja mimi ningechukua V-Strom hata kama karatasi za ile nyingine zingekuwa safi. Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kote ni lami. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, nazo ni lami. Udongo utakutana nao pale ambapo lami bado haijafika: ukiacha Muheza kupanda Amani, ukipita Lushoto kuelekea Mlalo au Mtae, na mchanga wa pwani ukishavuka mto Pangani kwenda Bweni na kushika njia ya Mkwaja. Kwa makadirio yangu, kilomita nane katika kila kumi zitakuwa za lami, na nyingi utakuwa na shemeji nyuma yako. Siti ya V-Strom ipo sentimita 82 kutoka ardhini, ya Ténéré inakaribia 90. Ukisimama kwenye mteremko na abiria, hizo sentimita nane ndizo zinazoamua kama mguu unafika chini au haufiki. Tena V-Strom ina rimu za kumiminwa na matairi yasiyo na tyubu, kwa hiyo msumari unauziba barabarani kwa utambi bila kuvua gurudumu. Tangi lake ni lita 22. Ukienda kwa adabu linakupeleka karibu kilomita 400, yaani unatoka hapa unafika karibu na Arusha kwa mjazo mmoja.

Hiyo ya 2008 ni toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2011. Injini yake ni ya silinda mbili zilizokaa V, cc 645, damu moja na Suzuki SV650. Kilomita 61,000 haziiuwi injini hii kama oili ilibadilishwa kwa wakati. Kinachoiua pikipiki yoyote ya Raskazone ni bahari, na hapo ndipo nataka ukae sana.

Nenda asubuhi na mapema, na mwambie mwenyewe usiku uliotangulia asiiwashe. Ukifika, kabla hata ya salamu ya pili, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameiamsha kabla yako, na pikipiki inayoamshwa kabla mnunuzi hajafika huwa ina jambo. Rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, iwashe mwenyewe. Sekunde chache za kwanza unaweza kusikia mlio wa cheni ya ndani ukichakacha, kisha ukatulia oili ikishapanda. Usipotulia, kikazio cha cheni hiyo kimechoka na hiyo ni kazi ya kufungua. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi ni mvuke. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inaungua. Injini ikiwa bado haijapata joto, fungua mfuniko wa rejeta: maji yawe na rangi safi ya kulanti. Yakiwa kama chai ya maziwa, oili na maji vimekutana, na hapo huna tena cha kujadili bei.

Halafu kuna kishimo cha plagi ya mbele. Hiki nakieleza kwa sababu kinawaliza watu bure. Silinda ya mbele ya V-Strom imekaa nyuma tu ya tairi, na plagi yake ipo ndani ya kishimo kinachopokea kila tope linalorushwa. Kiwandani waliacha kitundu kidogo cha kutolea maji. Kitundu kikiziba, maji yanakaa kule ndani, na pikipiki inaanza kukohoa na kutembelea silinda moja kila inaponyeshewa. Masika moja mteja aliniletea V-Strom kutoka Korogwe. Gereji moja ilikuwa imeshamwambia kompyuta ya injini imekufa, na bei ya kompyuta hiyo ilikuwa imemnyima usingizi siku tatu. Nilivuta kofia ya plagi ya mbele, yakatoka maji ya rangi ya kahawia, kama kijiko kikubwa kimoja. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaizibua ile njia, nikapuliza hewa, nikapaka grisi ya umeme kwenye mpira wa kofia. Akawasha, ikashika silinda zote mbili, akakaa kwenye benchi amenyamaza kwa muda. Kwa hiyo ukiambiwa na muuzaji kwamba "mvua ikinyesha inasumbua kidogo", tulia. Huenda una dosari ya dakika kumi mkononi inayokupunguzia bei ya maana.

Fungua siti. Tafuta soketi za waya, chomoa mbili tatu taratibu, uangalie pini zake. Shaba safi inang'aa kama sarafu mpya. Ukiona unga wa kijani, upepo wa bahari umeshaingia, na huo haukai kwenye soketi moja. Kijani kidogo kinasafishika. Kijani kila unapochomoa ni mwaka mzima wa kuhangaika na umeme. Nenda na testa. Betri ikiwa imepumzika isomeke kama volti 12.6. Injini ikiwashwa na kupandishwa hadi mizunguko 5,000, isomeke 14 na kitu. Ikibaki chini ya 13.5, regulata au koili ya kuchajia imechoka, ikipita 15.5, regulata inaichemsha betri. Regulata ni ugonjwa unaojulikana kwa Suzuki za umri huu, na hufa bila kuaga, kwa kawaida mbali na kwenu.

Chini huko angalia kwa tochi. Mapezi ya rejeta ukiyagusa kwa kidole yasivunjike kama mkate mkavu. Mabomba ya shokapu za mbele yapitishie ukucha juu hadi chini: ukucha ukikwama kwenye kitobo cha kutu, sili mpya utakazoweka zitakatwa ndani ya wiki chache. Ukiona oili imelowanisha sehemu hiyo, zimeshakatwa. Pandisha gurudumu la mbele hewani mkiwa wawili, geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unadumbukia mahali fulani katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma, litikise pembeni, kisha liinue juu na chini ukisikiliza viungo vya shokapu ya nyuma. Viungo hivyo vimekaa mahali pa matope na grisi ya kiwandani haikuwa nyingi, kwa hiyo mlegeo kidogo usikushangaze, ila uingie kwenye hesabu ya bei.

Cheni ivute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, seti yote imekwisha. Jambo moja la kwetu: maduka ya spea za bodaboda pale Ngamiani yamejaa cheni za 428, zile za Boxer yako. V-Strom inavaa 525. Hiyo utaiagiza Dar au nje, pamoja na pedi za breki, filta na kebo ya klachi, kwa hiyo usingoje kiishe ndipo uanze kutafuta. Diski za breki zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, zisome. Mafuta ya breki yawe angavu, ya njano hafifu. Yakiwa meusi kama kahawa ya Ngamiani, hakuna aliyeyabadilisha kwa miaka. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye ua zuri na umri wa miaka saba au nane ni jiwe. Lami ya Soni ikilowa litakutupa. Mwisho, angalia ncha za usukani, ncha za vikanyagio, na vile vichuguu vya fremu vinavyozuia usukani usipitilize. Vikiwa vimebonyea au vimechomelewa, imeanguka vibaya.

Bei. Kwa hali ya kawaida ya pikipiki ya umri huu utakuta matairi yamezeeka, cheni imechoka na betri ina mashaka. Viandike kwenye karatasi mbele ya muuzaji bila kumdharau, kisha zungumza kuanzia milioni 10. Ukimalizia kwenye 10 na nusu ni sawa. Katika hizo tatu na nusu zinazobaki, mbili ziwekee matengenezo ya kwanza na nusu iache benki usiiguse. Kwa hiyo ya vifaa umebaki na milioni moja, si zaidi, na inatosha.

Matengenezo ya kwanza usiyaahirishe hata muuzaji akiapa. Badilisha oili na filta, maji ya rejeta, mafuta ya breki, filta ya hewa na plagi. Oili iwe 10W-40 yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari ina viungo vya kulainisha ambavyo vinafanya klachi ya pikipiki iteleze, na watu wengi wamefungua klachi nzima kwa kosa la kopo la oili. Tapeti, yaani nafasi za vali, za injini hii hupimwa kila kilomita 24,000. Muulize muuzaji zilipimwa lini. Hazirekebishwi kwa spana na bisibisi kama za Boxer. Zinatumia visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti, kwa hiyo mpe fundi mwenye fila geji (kipimo cha nafasi hizo) na subira.

Sasa hayo masanduku matatu ya chuma. Naomba unisikilize hapa, maana nilishayafunga mimi mwenyewe.

Nilichomelewa mawili ya bati la milimita mbili. Yalikuwa mazuri, yana kufuli, yamepigwa rangi ya kijani. Kila moja likiwa tupu lilikaribia kilo tisa. Nikaenda Amani mwezi wa nne. Kile kilima cha udongo mwekundu baada ya mvua nyote mnakijua, kinateleza kama sabuni. Gurudumu la nyuma likaanza kuhama, nikafanya alichozoea kufanya kila mpanda bodaboda: nikateremsha mguu kujizuia. Pikipiki ilikuwa bado inasonga mbele, mguu wangu ukabaki chini, na kona ya sanduku ikaja nyuma ya goti ikanibana kwenye udongo. Nilikaa pale mpaka vijana wa chai walipopita wakaniinulia. Mfupa haukuvunjika, lakini nilichechemea miezi miwili. Ningekuwa na mfuko laini, ungenipita.

Boxer yako ina kama kilo 120. V-Strom ikijazwa mafuta inafika 220 hivi kabla hujaweka chochote. Kila kilo utakayofunga ni kilo utakayoinua siku ikilala, na italala. Kwa hiyo nenda kwa mafundi wanaoshona maturubai ya malori, wakushonee mifuko miwili ya pembeni ya turubai zito, iunganishwe kwa mikanda mipana inayopita juu ya siti ya nyuma. Ndani yake weka mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Upande wa kulia, kwenye bomba la moshi, lazima kuwe na kifremu chembamba cha bomba kinachouweka mfuko mbali na joto. Vitu vizito, yaani spana na maji, viende chini na mbele. Boksi la nyuma likubali liwe moja, dogo, la plastiki, la helmeti na koti la mvua. Kerea ya nyuma haikutengenezwa kubeba zaidi ya kama kilo kumi, na uzito ukikaa nyuma ya ekseli unanyanyua pua ya pikipiki. Ukifika kilomita 100 kwa saa pale tambarare ya Mkomazi, usukani unaanza kucheza mikononi. Usitafute kujua unavyohisi.

Cha kwanza kabisa kununua ni matairi, ya mchanganyiko wa lami na udongo: mbele 110/80-19, nyuma 150/70-17. Upepo wake ukiwa peke yako ni PSI 33 mbele na 36 nyuma. Ukiwa na shemeji, nyuma pandisha hadi 41. Cha pili ni bamba la chini. Filta ya oili ya V-Strom imekaa wazi mbele ya injini, pamoja na bomba la moshi la silinda ya mbele, na jiwe moja la Mtae linaweza kumwaga oili yote. Bamba la alumini la milimita nne, lifungwe kwa boliti kwenye fremu, liachwe nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye filta, na litobolewe matundu ya kutolea tope. Fundi wa hapa mjini anaweza kulitengeneza vizuri ukimpelekea vipimo.

Ngao za pembeni nazo nakubaliana nawe, za bomba la chuma, kwa sababu rejeta na mifuniko ya injini ni ghali kuliko bomba. Ila zishikwe kwenye matundu ya boliti yaliyopo. Asije mtu akachomelea hata kipande cha ukucha kwenye fremu yako. Moto unakilegeza chuma pale pembeni ya mshono, na ufa utauona baada ya mwaka. Na kama kuna kazi yoyote ya kuchomelea karibu na pikipiki, betri itolewe kwanza. Kabla hujalipa, hakikisha filta ya oili na plagi ya mbele zinafikika ngao zikiwa zimefungwa.

Vikinga mikono vyenye chuma ndani viweke, maana mkono wa klachi ukivunjika Mkwaja huna pa kuupata. Chini ya stendi ya pembeni chomelea kibamba kipana kama kiganja (stendi ivuliwe kwanza), ili isizame mchangani.

Taa, ukitaka, mbili za LED za wati 20 kila moja. Jumla ni wati 40, yaani ampea 3 hivi, chaji ya V-Strom inaziweza bila shida. Ziwe na waya wake kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 5 na relei. Usikubali zidandiwe kwenye waya wa taa kubwa. Hata hivyo, taa hizo zikusaidie kuonekana mchana na kumalizia njia jioni ikikukuta. Usizifunge kwa nia ya kusafiri usiku. Barabara ya Segera usiku ina baiskeli zisizo na taa, mbuzi, na malori yaliyoharibika yakawekewa matawi tu nyuma.

Kinachobaki katika ile milioni, kimalize kwenye miili yenu. Helmeti mbili za kufunika uso mzima, zenye alama ya E ndani ya duara kwenye lebo ya ndani, yako na ya shemeji zilingane ubora. Glovu, koti lenye kinga za mabega na viwiko, viatu vinavyopanda juu ya kifundo. Makoti na viatu vizuri hupatikana mitumbani kwa mwenye subira. Lushoto mwezi wa saba utanishukuru kwa glovu peke yake.

Kwenye mfuko wa zana weka seti ya utambi wa kuzibia na pampu ndogo ya volti 12, fyuzi, kiungo cha cheni cha 525 na kebo ya klachi ya akiba. Kebo ifunge sambamba na ile inayotumika, ncha zake zimezibwa kwa tepu, ili ikikatika unahamisha ncha tu. Uzibaji wa tairi ufanye mara moja nyumbani kwa makusudi, kwenye lile tairi la zamani utakalolivua.

Siku ya kwanza ukiwa nayo, tafuta uwanja wenye majani, ilaze taratibu upande mmoja, kisha ujifunze kuinua. Iweke gia, geuka uipe mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine kerea, halafu usukume kwa miguu kwa hatua ndogo ndogo kurudi nyuma. Mgongo usiinue chochote. Rudia mpaka usiogope. Shemeji naye aone, kwa sababu siku moja mtaiinua pamoja.

Safari ya kwanza iwe Lushoto, peke yako, na mizigo yote kama vile mpo wawili. Mombo simama, pita kila boliti ya ngao, bamba na kerea kwa spana, maana boliti mpya hulegea kilomita za mwanzo. Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 ikipimwa katikati, na usiikaze zaidi ya hapo. Wakati wa kurudi, mtelemko wa Soni hadi Mombo usiushuke kama ulivyozoea na Boxer, kwa breki ya mguu mwanzo mwisho. Uzito huu utachemsha mafuta ya breki kabla hujafika chini. Weka gia ya tatu, au gia ya pili kwenye kona kali, injini iishike pikipiki, na breki ziguswe kabla ya kona kisha ziachwe. Ukihisi mkono wa breki umekuwa laini na unaingia ndani kuliko kawaida, toka barabarani mahali penye uwazi, zima, mkae dakika ishirini zipoe ndipo mwendelee.